Monita ngapi kwa ramani na gemu, na zichomekwe wapi?

Swali: Mimi ni mpima ardhi, na kazi nyingi nazifanyia nyumbani Nzuguni, Dodoma. Mchana nachora ramani za viwanja kwa programu ya QGIS, jioni nacheza gemu za mpira na za mbio za magari. Kompyuta yangu ya mezani ina kadi ya michoro ya GTX 1660 Super yenye tundu moja la DisplayPort, moja la HDMI na moja la DVI. Nina monita ya inchi 24 ya 1080p (yaani nukta za picha, au pikseli, 1920 kwa 1080), niliyoinunua ikiwa imeshatumika ofisini, nayo nimeichomeka kwa HDMI. Juzi nimeazima nyingine yenye VGA na DVI, nikaichomeka kwa waya wa VGA kwenye ubao mama, lakini maandishi yake yana ukungu. Nafikiria kununua monita tatu zinazofanana, au nitumie televisheni ya inchi 32 iliyopo sebuleni. Muuzaji ananiambia nisijali matundu, kila kitu kina adapta. Unanishauri nini?

Jibu: Ndugu yangu, usinunue monita tatu. Kwa kazi uliyoieleza na kwa kompyuta uliyonayo, nunua monita moja tu iliyo bora kuliko uliyonayo sasa, uiweke mbele yako kabisa, na ile ya inchi 24 isogee pembeni. Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa watu wengi hapa mjini wanaofanyia kazi nyumbani huanza kwa kuhesabu vioo, ilhali la kuanzia ni kujua kila kioo kitapewa kazi gani.

Tuanze na ramani, kwa sababu ndiyo inayokulisha. Unajua kuliko mimi kwamba longitudo ya 36, ambayo ni mpaka kati ya kanda ya 36 na kanda ya 37 za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za upimaji, inapita mashariki kidogo ya mji wa Dodoma. Kazi ya Bahi huangukia kanda ya 36, kazi ya Kongwa au Mpwapwa huangukia kanda ya 37, na faili ikifunguliwa kwa kanda isiyo yake, viwanja hujikuta mamia ya kilomita kutoka mahali vilipopimwa. Mtu mwenye kioo kimoja hulazimika kufunika ramani ili asome jedwali la majira nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali, kisha afunike jedwali ili airudie ramani, na katika kwenda na kurudi huko ndiko tarakimu moja hubadilishwa nafasi bila mwenyewe kugundua. Kioo cha pili kinaiondoa shida hiyo karibu yote: ramani inakaa mbele, jedwali pamoja na picha ya ukurasa wa daftari la uwandani vinakaa pembeni, na jicho linahama badala ya dirisha kuhama. Kioo cha tatu, kwa kazi ya namna hii, hakiongezi faida inayokaribia ile iliyoletwa na cha pili. Mara nyingi huishia kuwa mahali pa kuweka barua pepe na WhatsApp, na mtu hugeuza shingo kila mara bila sababu ya maana.

Gemu nalo linataka kioo kimoja kizuri. Ukiutandaza mchezo kwenye monita mbili, kingo zao zinakutana katikati kabisa ya picha, pale lilipo gari lako au lilipo duara la kati la uwanja, na hakuna mpangilio wa programu utakaouondoa mstari huo. Ndiyo maana wanaotandaza gemu hutumia monita tatu, kwa njia ambayo NVIDIA huiita Surround na AMD huiita Eyefinity. Kwa mbio za magari jambo hilo linapendeza kweli, kwa sababu dereva anaona pembeni. Kwa gemu za mpira halina faida. Lakini monita tatu za 1080p zina jumla ya pikseli 6,220,800, badala ya 2,073,600 za monita moja, na kadi yako, iliyotoka mwaka 2019 na kulengwa hasa kwa 1080p, italazimika kuchora mara tatu ya kazi iliyokusudiwa. Utapata picha pana inayokwamakwama. Gemu na likae kwenye kioo cha mbele peke yake.

Sasa, kioo hicho cha mbele kiwe cha namna gani? Kwako wewe ningechagua inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440, kioo cha aina ya IPS, na hezi 144 au zaidi. Hezi ni idadi ya mara ambazo monita huchora picha upya kila sekunde: kwenye hezi 60 picha mpya huja kila baada ya takribani milisekunde 16.7, na kwenye hezi 144 kila baada ya milisekunde 6.9, tofauti ambayo mchezaji wa mbio za magari huihisi mkononi tangu kona ya kwanza. Tafadhali usikubali inchi 27 ya 1080p kwa sababu tu ni kubwa na bei yake ni nafuu. Inchi 24 ya 1080p ina takribani pikseli 92 kwa kila inchi, inchi 27 ya 1440p ina kama 109, lakini inchi 27 ya 1080p inashuka hadi 82 hivi, na hapo namba za viwanja zilizoandikwa kwa herufi ndogo kwenye ramani huanza kuonekana zina meno. Ukubwa wa kioo peke yake hauongezi nafasi ya kazi. Nafasi huongezwa na pikseli, na 1440p ina pikseli 3,686,400, yaani karibu asilimia 78 zaidi ya ulizo nazo sasa kwenye kioo kimoja.

Asilimia hiyohiyo ndiyo mzigo utakaoongezeka kwa kadi wakati wa gemu, nami sitaki ununue bila kulijua hilo. Gemu za mpira na nyingi za magari zitakwenda vizuri ukishusha mpangilio wa vivuli na wa mwakisiko wa mwanga, ambavyo ni vitu vinavyokula nguvu nyingi na kuonekana kidogo. Shusha hivyo kwanza kabla hujashusha idadi ya pikseli, kwa sababu 1080p iliyovutwa kujaza kioo cha 1440p haigawanyiki sawasawa, na picha hupoteza ukali. Ikiwa unapenda gemu nzito za kivita kuliko ulivyoeleza, basi inchi 24 ya 1080p yenye hezi 144 itakufaa zaidi, lakini ujue umeipunguzia ramani nafasi.

Kuhusu aina za vioo nitasema kwa ufupi. IPS hubaki na rangi zilezile hata ukitazama kwa pembeni, na hilo ni muhimu kwa ramani yenye matabaka ya rangi zinazokaribiana. VA ina weusi mzito zaidi lakini zilizo nyingi huacha kivuli nyuma ya vitu vinavyokwenda kasi penye giza. TN ya bei nafuu hubadilika rangi ukiinua tu kichwa.

Televisheni iache sebuleni. Nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768 tu, jambo linaloleta pikseli 49 hivi kwa inchi. Nyingine hukata kingo za picha mpaka uzime mpangilio huo kwenye menyu, na nyingine hupunguza taarifa za rangi kiasi kwamba herufi nyekundu kwenye mandhari ya buluu hazisomeki. Kwa sinema inatosha kabisa. Kwa kusoma majira nukta saa sita mfululizo, hapana.

Sasa nifike kwenye matundu na nyaya, ambako muuzaji wako amekupotosha. Si kila kitu kina adapta, na hata penye adapta, mwelekeo wake ni muhimu. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita, kwa kawaida adapta ndogo isiyo na umeme wake hutosha, kwa sababu tundu hilo la kadi lina uwezo wa kutoa mawimbi ya HDMI lenyewe. Kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita, adapta hiyo ndogo haifanyi kazi. Unahitaji kigeuzi chenye saketi ndani, ambacho mara nyingi kina mkia wa USB wa kukipa umeme. Watu wengi hununua waya wenye HDMI upande huu na DisplayPort upande ule, wanauchomeka kinyume, wanaona kioo cheusi na kudhani monita ni mbovu.

DVI ina mtego wake. Shika adapta ya DVI kwenda VGA uitazame usoni: kando ya ule ulimi bapa utaona pini nne ndogo, mbili juu na mbili chini. Hizo ndizo zinazobeba mawimbi ya analogi ambayo VGA inayahitaji. Kisha tazama tundu la DVI la kadi yako. Likiwa ni DVI-D, kama lilivyo kwenye kadi za kizazi hicho, pembeni ya ule mwanya bapa hakuna matundu manne. Adapta haitaingia, na ukiilazimisha utapinda pini. Hakuna cha kubadilisha hapo, kwa sababu mawimbi ya analogi hayapo kabisa kwenye tundu hilo.

Hapo ndipo ulipo pia ukungu unaouona. VGA ilianza na IBM mwaka 1987, enzi za monita za mgongo mkubwa, nayo hupeleka picha kwa kupandisha na kushusha volti. Kompyuta inageuza namba kuwa volti, kisha monita bapa inazipima volti hizo ili izirudishe kuwa namba. Monita ikipima mapema kidogo au ikichelewa kidogo, ukingo wa herufi moja unamwagikia pikseli ya jirani. Ukitaka nafuu ya leo, fungua ukurasa mweupe uliojaa maandishi, kisha bonyeza kitufe cha kujirekebisha kwenye monita, ambacho mara nyingi kimeandikwa Auto. Dawa yenyewe ni waya wa DVI kutoka kwenye kadi hadi kwenye monita hiyo ya kuazima, kwa kuwa umesema ina tundu hilo, na ukungu utaondoka palepale.

Jambo jingine ni kwamba umechomeka kwenye ubao mama. Kioo kinawaka kwa sababu prosesa yako ina sehemu ya michoro ndani yake. Prosesa zisizo na sehemu hiyo, kwa mfano zile za Intel ambazo namba yake inaishia na herufi F, hazitoi picha hapo kabisa. Lakini hata pale kinapowaka, kioo hicho hakihudumiwi moja kwa moja na kadi uliyoinunua kwa fedha yako. Monita zote zichomekwe kwenye kadi. Mpangilio wako uwe hivi: DisplayPort iende kwenye monita mpya ya inchi 27, HDMI ibaki na ile ya inchi 24 kama ilivyo. DisplayPort 1.4 ya kadi yako inabeba 1440p ya hezi 144 bila shida yoyote. HDMI 2.0 ya kadi nayo inaweza, lakini kwenye monita nyingi za bei ya kati tundu la HDMI lina kikomo cha chini kuliko la DisplayPort, kwa hiyo soma maelezo ya kila tundu, usisome tu namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi.

Ukishachomeka, usidhani kazi imekwisha. Windows mara nyingi huiacha monita mpya kwenye hezi 60, na wapo watu waliokaa miezi na monita ya hezi 144 bila kuitumia hata siku moja. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya onyesho, kisha mipangilio ya juu ya onyesho, uchague hezi wewe mwenyewe kwa kila monita. Hapohapo kuna mistatili miwili inayowakilisha vioo vyako. Ivute ikae kama vioo vinavyokaa mezani, ukilinganisha hasa kimo cha kingo, la sivyo kipanya kitagonga ukuta usioonekana kila unapokivusha. Monita ya mbele iteue kuwa kuu, ili gemu zifungukie huko. Kwa kuhamisha dirisha kutoka kioo kimoja kwenda kingine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Shift na mshale. Baada ya wiki moja hutavuta tena dirisha kwa kipanya.

Ndani ya gemu, chagua hali ya dirisha lisilo na kingo badala ya kujaza skrini kwa umiliki kamili, ikiwa unataka kutazama kioo cha pembeni bila gemu kujikunja kila ukibofya nje yake. Zamani Windows ilikuwa inakwama kidogo pale monita mbili zenye hezi tofauti zilipofanya kazi kwa pamoja, hasa video ikichezwa kwenye ile ya hezi 60. Toleo la Windows 10 la Mei 2020 lilirekebisha sehemu kubwa ya tatizo hilo. Ukiona bado lipo, iweke monita kuu kwenye hezi 120, ambayo ni mara mbili kamili ya 60. Mara nyingi hatua hiyo pia huiruhusu kadi ipumzike na kupoa pale usipofanya kazi nzito.

Meza nayo ina sauti yake. Monita ya inchi 27 ina upana wa takribani sentimita 60 na ya inchi 24 takribani 53, hivyo meza ya sentimita 130 inakutosha, mradi kina chake kisipungue sentimita 65, ili kioo kikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Kioo kikuu kiwe mbele ya pua yako. Usiweke viwili kwa ulinganifu huku mpaka wao ukiwa mbele yako, kwa sababu siku nzima utakaa umegeuza shingo. Ukingo wa juu uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Ukipenda mkono wa kushikilia monita, hakikisha nyuma ya monita pana matundu manne ya skrubu yaliyopangwa kwa milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75, na meza iwe ya mbao ngumu: mninga wa sentimita mbili na nusu utabeba kibanio bila shaka, lakini ubao wa unga wa mbao hubonyea taratibu.

Jua la Dodoma lisichukuliwe kirahisi. Usiweke meza ikitazama dirisha wala ikilipa mgongo. Iweke dirisha likiwa ubavuni, na kama dirisha hilo linatazama magharibi, pazia zito ni sehemu ya bajeti ya monita. Kumbuka pia kwamba sisi tuko digrii 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana la Juni hupitia upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini. Meza iliyo salama mwezi huu huenda isiwe salama baada ya nusu mwaka.

Vumbi ndilo adui wa pili. Miezi ya kiangazi, upepo ukivuma, vumbi laini huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kioo kifutwe kikiwa kimezimwa na kimepoa, kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo sana, bila kunyunyizia chochote moja kwa moja, kwa sababu tone hushuka hadi ukingo wa chini na kuingia ndani. Dawa za kusafishia vioo vya madirisha zenye amonia huharibu utando wa juu wa monita. Feni za kadi nazo zipulizwe, lakini zishikilie kwa kidole zisizunguke wakati wa kupuliza.

Kuhusu umeme, naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Kompyuta na monita zote zichukue umeme kwenye soketi moja, kupitia ekstensheni moja bora yenye waya wa ardhi unaofanya kazi. Monita ikichukua umeme chumba kimoja na kompyuta chumba kingine, na mojawapo ya soketi haina ardhi, tofauti ya volti kati ya vyombo hivyo viwili hupitia kwenye waya wa HDMI, na tundu la kadi linaweza kuungua siku unapouchomeka. Ukigusa boksi la chuma la kompyuta ukahisi vidole vinawashwa, usiendelee. Muite fundi umeme aangalie ardhi ya nyumba kwanza. Chomeka nyaya za picha vyombo vikiwa vimezimwa.

UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, yenye kidhibiti volti ndani ni lazima kwa kazi yako. Kadi yako ina kikomo cha takribani wati 125, na kompyuta nzima ikiwa kwenye gemu inaweza kufika wati 250 hivi. Monita mbili huongeza kama wati 60 au 70. UPS iliyoandikwa 650VA kwa kawaida hutoa wati 360 au zaidi kidogo, kwa hiyo itabeba, ila kwa dakika chache tu. Weka kompyuta na monita kuu kwenye UPS, ili umeme ukikatika uone unachohifadhi, na monita ya pembeni uiache nje yake.

Ukienda kununua monita iliyotumika, iwe hapa mjini au Kariakoo, nenda na laptopu na waya wako. Ionyeshe rangi moja moja kwenye kioo kizima, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, kwa kuwa pikseli iliyokufa hujificha kwenye rangi moja na kujitokeza kwenye nyingine. Kwenye nyeusi, zima taa au ukinge mwanga kwa mkono, uangalie kama kona zinavuja mwanga. Bonyeza kila kitufe. Ikisafirishwa kwa basi au kwa treni, isimame wima ndani ya boksi lake, isilazwe na mzigo mwingine ukawekwa juu.

Na kama mwenye monita ya kuazima atakubali kukuuzia, tundu lako la DVI litakuwa bado wazi. Kaa kwanza na vioo viwili msimu mmoja wa kazi. Ukiona bado unafunika jedwali mara kwa mara, ichukue, uigeuze wima kama kioo chake ni IPS, na orodha ndefu ya majira nukta ikae humo.